Mashine ya kufyekea ya laki tatu na nusu, baada ya msimu mmoja wa moto Newala

Nianze na la muhimu ili mwenye haraka asimalize bando bure: mashine ni nzuri, inafyeka, hela yake inarudi. Ila kama unaenda kuinunua mwezi wa tisa wakati moshi umeshaonekana bondeni, baki na hela yako ununue viatu vya kukimbilia. Mimi nilinunua mwezi wa sita na bado nusura nichelewe.

Wanaoijua Newala wanajua pale Shimo la Mungu, unasimama unachungulia chini bonde la Ruvuma na ng'ambo kule unaona Msumbiji. Sisi tuko ukingo huohuo, mbele kidogo. Wageni wanakuja kupiga picha, ila kwa mwenye mikorosho pale ni mdomo wa jiko. Nina heka sita, nne za mikorosho ya zamani niliyoachiwa na marehemu mjomba, na mbili za miche ya mwaka wa tatu ambayo ndo kwanza ilikuwa inaanza kuchanua. Hiyo miche ndo iliyokuwa inaninyima usingizi, maana mkorosho mkubwa ukibabuka shina unaweza ukajikongoja ukarudi, mche ukipitiwa na moto umeenda na miaka yako mitatu.

Huku kusini mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili inakwenda mpaka wa nne huko. Sasa ya safari hii ilitudanganya, mwanzoni ikanyesha vizuri majani yakaota kimo cha mtu, afu ikakata ghafla, mahindi yakafia njiani, upepo wa kusi ukaanza kupiga, na kufika mwezi wa saba ukishika jani linakatika mkononi kama kaukau. Wazee wakawa wanaangalia lile bonde wanatikisa kichwa tu hawasemi.

Na moto wa kwetu hautoki juu, unatoka chini. Nani kauwasha hatujui, kila mwaka hatujui. Kuna anayeandaa shamba, kuna mrina asali, kuna wa ndezi na panya (panya na mimi nakula, sisemi kwa ubaya), kuna mtu na kipande chake cha sigara. Tunachojua ni kwamba ukishaanza kupanda mlima unakuwa moto mwingine kabisa, miali inalalia majani ya mbele yake, inayakausha na kuyapasha kabla haijayafikia, kwahiyo unapofika yenyewe yako tayari, ni kama karatasi. Mtu anayesimama ukingoni kuurekodi na simu anacheza na roho yake.

Wazo la kwanza lilikuwa bomba la mgongoni, yale ya lita 16 ya kupulizia dawa, jirani yangu alinunua mawili kabisa. Nikapiga hesabu. Bomba moja linameza karibu ndoo nzima, na ndoo ya maji Newala sio kitu cha kutamka hivihivi, shida ya maji huku juu haijaanza leo wala jana, uwanda ni mchanga mtupu, maji yanashuka chini kabisa huko na mpaka yapandishwe yaje kwenye bomba la mtaa ni safari. Mwaka huu kiangazi kilipokolea ndoo moja kwa mtu wa baiskeli ilinifikia shilingi elfu moja. Sasa unabeba maji ya elfu moja mgongoni, unapulizia dakika chache kwisha habari, na moto wenyewe una upana wa mita mia mbili. Sisi watu wa juu tukisema tutategemea maji tutaungua tukiwa kwenye foleni ya ndoo. Nikaona bora niunyime majani.

Mashine nilinunulia Masasi, duka silitaji. Ni hizi za Kichina za cc 52, zinafanana zote zinatofautiana rangi na stika, tangi lake linaingia lita moja na kidogo. Laki tatu na nusu baada ya kubembelezana sana. Ndani ya boksi kuna blade ya meno matatu, kichwa cha nailoni, mkanda wa begani, miwani ya plastiki na kichupa cha kuchanganyia mafuta. Muuzaji akanipa somo la dakika mbili, kwenye lita tano za petroli weka oili ya 2T chupa moja ya soda, basi, nenda kafanye kazi kaka.

Sasa hapo ndo pa kwanza pa kuwa makini. Nimefika nimechanganya kama alivyosema, mashine ikawaka, ikatoa moshi kama inachoma mkaa, ikafyeka robo saa ikazima. Kuvuta kamba mpaka bega likauma. Nikampelekea fundi wa pikipiki, akafungua plagi, nyeusi tii, masizi yanadondoka. Akanicheka. Ndo nikakaa nikasoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi ambacho wote tunakitupa, kimeandikwa sehemu moja ya oili kwa sehemu 25 za petroli, yani lita moja mililita 40. Chupa ya soda ya mililita 350 kwenye lita tano ni mililita 70 kwa kila lita, karibu mara mbili yake. Kile kichupa cha kuchanganyia kina alama ubavuni, kitumieni jamani, kimewekwa kwa sababu. Na usije ukaweka petroli tupu ukidhani unabana matumizi, hiyo injini haina oili nyingine popote zaidi ya hiyo unayochanganya, utaiua siku hiyohiyo.

Baada ya hapo sikupata shida ya injini tena.

Kazi yenyewe. Nilitaka njia ya moto, yani ukanda uliofyekwa wa kuuzuia moto usivuke, ukingoni kote, nilipima kwa hatua kama mita 420, upana mita sita. Mwaka juzi nilifyekesha kwa vibarua, vijana watatu na makwanja yao siku nne, na ilikuwa mita tatu tu. Safari hii mimi na mtoto wa dada tumemaliza asubuhi tatu. Nailoni ni nzuri kwenye majani laini, ila yale marefu magumu yanajizungusha kwenye kichwa unasimama kila saa kuyachomoa kama unanyoa nywele zilizofungamana, na ikigusa kisiki inakatika. Nikaiweka pembeni. Blade ya meno matatu ndo yenyewe, inalaza majani na vichaka vya unene wa kidole bila kulalamika. Vinene zaidi ya hapo chukua panga, usilazimishe, inarusha mkono. Tangi moja linakupeleka kama dakika 50 hivi.

Siku ya pili nikataka kuwa habari ya mjini.

Ilikuwa kama saa tano asubuhi, jua limeshakuwa kali, nimechoka, nikazima mashine nikailaza pembeni kwenye majani nikaenda kunywa maji chini ya mkorosho. Nimekunywa mafunda mawili nasikia harufu. Kugeuka naona kamoshi kembamba kanatoka pale mashine ilipolala, halafu majani yanajikunja yanakuwa meusi bila mwali kwanza, afu mwali ukatokea, mdogo tu kama wa kiberiti. Ekzosi. Ile ekzosi ya pembeni imetoka kufanya kazi dakika 50, ya moto haswa, na mimi nimeilalisha kwenye kaukau. Mpwa wangu akaruka na mashati yake akatupia mchanga kwa mikono, mimi nikaivuta mashine kwa mkanda, tukaukanyaga. Tulibaki tunaangaliana. Akaniambia, "Mjomba, tungewaambia nini watu?" Sikuwa na jibu.

Kwahiyo sheria nilizojiwekea, na nakushauri uzichukue kama zilivyo. Naanza saa kumi na mbili asubuhi umande ungalipo, saa nne nimezima, iwe nimemaliza iwe sijamaliza. Mashine inalala kwenye mchanga mtupu peke yake. Kujaza mafuta vilevile kwenye mchanga, na unasubiri ipoe. Kidumu cha petroli kiko mbali, na ndoo ya mchanga iko karibu na koleo lake. Wenye mashamba ya mawe, huko Masasi na Nanyumbu, nyie mna la ziada maana blade ikigonga jiwe inatoa cheche, mimi hapa kwetu mchanga umenisaidia. Kile kikaratasi chote kimeongelea vidole na macho, la ekzosi na majani makavu sikuliona, na kwa msimu wa namna hii ndo lilitakiwa liandikwe kwa wino mwekundu.

Tukaja kwenye jambo ambalo nilikuwa silijui kabisa. Nimemaliza kufyeka najiona mwamba, mzee wa jirani akapita akaangalia akasema, "Umefyeka vizuri mwanangu, sasa moto utatembea umelala badala ya kusimama." Kweli bwana, majani yote yamekatwa lakini yapo palepale chini yamelala mita sita nzima, na juu yake majani makavu ya mikorosho. Tena yakikatwa ndo yanakauka vizuri zaidi. Njia ya moto sio majani mafupi, ni mchanga unaonekana. Kupiga reki mita 420 nikaona nitazeeka.

Hapo ndo blowa ya salfa ikaingia. Kwa wasiotoka mikoa ya korosho, ni mashine ya kubeba mgongoni yenye bomba refu, tunapulizia unga wa salfa kwenye mikorosho kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane hivi kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho. Nina ya zamani, nilidhani kazi yake ni hiyo tu. Nikaifungua tangi la unga, nikalifuta na kulisafisha mpaka halina harufu, hii usiruke, salfa inawaka na moshi wake unakaba koo, hutaki mabaki yake karibu na moto. Afu nikaiwasha tupu nikapita njia nzima. Aisee. Majani yanapaa kama kuku wamefukuzwa, nyuma unabaki mchanga msafi. Siku moja tu, nimemaliza na jioni nimeangalia mechi. Baadaye nikasikia hata Marekani vikosi vyao vya moto wa msituni vinabeba blowa mgongoni kufagia majani namna hiyohiyo, nikajiona mtaalamu.

Peperusha majani kwenda nje, upande wa bonde, usiyarudishe kwenye mikorosho yako, na yatawanye, usiache tuta limejipanga pembezoni maana hilo tuta ndo litakupigia miali mirefu. Na majani yanaanguka kila siku, kwahiyo nilirudia kila baada ya wiki mbili mpaka mvua.

Kwahiyo ukiniuliza ninapitia bidhaa gani hapa, kiukweli ni mbili. Mashine ya kufyekea peke yake nusu ya kazi.

Moto ulikuja mwezi wa tisa, saa nane mchana, saa mbaya kuliko zote, jua la utosi limeshapita umande hakuna na upepo ndo unaamka. Balozi wa nyumba kumi alipiga simu, kabla hajamaliza sentensi nikauona moshi mwenyewe, mwekundu kwa chini. Namba ya zimamoto 114 tunaijua na ilipigwa, lakini jiografia ni jiografia, gari mpaka litoke mjini lipenye mchanga wa kwetu moto wa majani umeshamaliza shughuli. Tukajipanga watu kama thelathini, matawi mabichi, makoleo, kina mama na ndoo za mchanga.

Ulipofika juu ulikuwa na kelele, sijui nifananishe na nini, kama mvua kubwa kwenye bati. Joto linakusukuma kifua. Ukafika kwenye njia, ukasimama. Nasema ukasimama, ukawa unakimbia kando kando ya mchanga unatafuta pa kuvukia, miali ikashuka kutoka kimo cha nyumba mpaka magotini, kuanzia hapo ni moto ambao mtu na tawi lake anauweza. Kijana mmoja akaja mbio na blowa yangu anataka kuupulizia moto wenyewe, nikamzuia kwa ukali, unaufanyia kazi ya mivukuto ya mfua vyuma, unauongezea tu hewa.

Ila ulivuka sehemu moja, na kosa ni langu. Kona ya mashariki kuna mkorosho wa zamani matawi yake yamelala yanafika katikati ya njia, nilifyeka chini yake nikaona uvivu kupogolea. Moto haukupita chini, ulipita juu, tawi likashika, cheche zikadondokea ndani. Miche kumi na moja. Nimeihesabu mara nyingi haiongezeki wala haipungui. Jirani wa mabomba mawili alifyeka mita mbili tu akategemea maji, maji yakamwishia, nusu heka ikaenda, na nisimseme sana kwa sababu mwisho wa siku yale mabomba yake ndo yalizimia visiki vyangu vilivyokuwa vinafuka moshi usiku kucha. Kwa kazi hiyo bomba linafaa sana, kuzima mabaki, maji kidogo kwenye sehemu ndogo. Tuliyalinda mpaka alfajiri kwa zamu.

Kuna waliosema tungewasha moto wetu kutoka njiani ukakutane na ule. Wazee wanaujua huo utaalamu, lakini saa nane mchana na upepo ule, mtu akikosea anaunguza kijiji, na Sheria ya Misitu ya 2002 haikuachii uwashe moto msituni unavyojisikia, mwenyekiti alikataa na mimi nilimuunga mkono. Kuchoma kwa kupanga ni jambo la mapema. Kilwa vijiji vyenye misitu ya mpingo vilivyofanya kazi na shirika la uhifadhi la MCDI vinachoma mapema, mvua ikishakatika lakini majani yangali na unyevu, moto unakuwa mdogo unazimika usiku wenyewe, na ukija mkali wa mwezi wa tisa unakuta hakuna cha kula. Kwetu tukianza mwakani tuanze mwezi wa tano, tukiwa na kibali na watu wamesimama.

Turudi kwenye mashine, mabaya yake. Mkanda wa begani ni wa mzaha, begi la shule lina mkanda bora, nilishonesha mwingine kwa fundi viatu elfu nne. Miwani inapata ukungu dakika ya tatu. Kikinga cha plastiki kinachozuia vitu visikurukie kilipasuka wiki ya kwanza, nikakifunga na waya, usifyeke bila hicho. Mikono inatetemeka mpaka usiku, kijiko cha chai kinagonga kikombe chenyewe. Vipuri Newala hakuna, plagi utapata, kamba ya kuwashia fundi wa pikipiki atakuungia, lakini blade na klachi ni Masasi au Mtwara mjini, nunua blade ya akiba siku hiyohiyo. Na msimu ukiisha mwaga mafuta yote uiwashe mpaka ijizime yenyewe, petroli ikilala miezi kwenye kabureta inaganda na mwakani utavuta kamba mpaka uitukane.

Kwa hela, kwangu mimi imeshajilipa. Kama una heka moja usinunue, changeni watu watano sita, mnunue moja, na kikundi kiwe na mtu mmoja anayechanganya mafuta, sio kila mtu na chupa yake ya soda.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa ajili ya ule mkanda.

Toka moto upite simu haitulii, kila mtu mjomba naomba mashine, mjomba nipitishe kidogo tu ukingoni. Natoa, sina choyo. Ila kuanzia mwakani inatoka mwezi wa tano na wa sita tu, aje na petroli yake imechanganywa, na aje kabla jua halijachomoza nimuone anavyoilaza chini.